Shimo la Kebo Nyuma ya Migomba

Butembo, Jumatatu, tarehe 7 Julai

Nianze kwa kuomba radhi: mwandiko wangu unayumba. Kosa ni la mshumaa. Mishumaa ya siku hizi hutengenezwa na watu wasio na haya. Hulia nta upande mmoja na kutoa moshi upande wa pili.

Kyakimwa, binti yangu, amepiga simu kutoka Beni. Alisema kwa heshima zote, maana tulimlea vizuri, kwamba Jumamosi atafika na gari, na kwamba nitapanda gari hilo pamoja na kitanda changu. Hoja yake ni pazia. Siku ya Pasaka aliliona pazia la sebuleni limeungua pembeni. Nilimweleza kwamba pazia lile lilikuwa baya tangu siku liliponunuliwa. Hakucheka. Alisema mzee anayekaa peke yake na mishumaa hakai, anangoja tu. Kwao Beni, katika commune ya Beu, kuna chumba, kuna taa, kuna wajukuu, kuna joto.

Joto! Ni nani aliyeomba joto? Beni mtu hutoka jasho akiwa ameketi.

Na mama yake, Emérence, je? Emérence amelala nyuma ya nyumba, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Hapandi gari la mtu. Sitamwacha mwanamke aliyenivumilia maisha yake yote abaki na jirani kama Ézéchias.

Basi nikamjibu Kyakimwa, kwa adabu, kwamba umeme unaingia nyumbani wiki hii hii na kwamba kazi imekwisha kuanza. Kisha akasema kuwa akiikuta nyumba ina taa, tena taa salama, si nyaya za kuua watu, atafikiri upya.

Kazi haijaanza. Naomba radhi kwa Mungu. Itaanza kesho, kwa hiyo uongo wangu ni wa usiku mmoja tu.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Sharti la kwanza la kazi hii ni siri.

Naeleza sababu. Ézéchias, jirani yangu wa kushoto, mzee wa kanisa la Kiprotestanti na kiongozi wa kwaya yenye sauti nyingi na noti chache, alipata umeme kabla yangu. Siku taa yake ilipowaka alitangaza mbele ya watu kwamba yule mwalimu wa fizikia, yaani mimi, atakuja kumbishia hodi, balbu mkononi. Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa adabu. Tangu siku hiyo sijamwomba hata chumvi.

Na umeme wake ni umeme gani? Waya mwembamba, wa ndani ya nyumba, umetundikwa juu ya vijiti vya mkaratusi kutoka nguzo hadi dirishani. Unalegea katikati hata kuku wanaupita kwa kuinamisha kichwa. Jumapili nimeona suruali imeanikwa juu yake. Mungu huwalinda wajinga, lakini sidhani kama analinda na suruali zao.

Mimi nitapitisha kebo ardhini. Kampuni ya umeme ilikwisha kunikubali. Shauri ni kuifikisha kebo kwenye nguzo. Bahati mbaya nguzo imesimama ndani ya ua wa Ézéchias, kwenye kona. Mpango wangu: kuchimba upande wangu kimyakimya, nyuma ya migomba, mahali ambapo madirisha yake hayaoni, na kile kipande cha mwisho kukipitisha chini ya uzio wakati yeye yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Mazoezi yao ni marefu. Wanayahitaji.

Fundi wangu ni Élysée. Kijana mwenye miwani ya jua, marashi, na simu asiyoiacha hata akiwa na nyundo mkononi. Kwanza alipendekeza vijiti vya mkaratusi. Nilikataa. Akapendekeza kufukia waya wa kawaida chini ya udongo kidogo, kama mtu anayepanda viazi. Nilikataa. Nikamwambia nataka kile wanachokiita câble armé, yaani kebo nene iliyovikwa nyuzi za chuma chini ya ngozi yake nyeusi, ili jembe likiigonga umeme usimfikie mtu. Alisema anaijua. Nilimweleza hata hivyo. Nilimweleza jinsi Frère mmoja, bruda wa misheni ya Lubero, alivyolaza kebo kutoka kwenye mtambo wa maji hadi bwenini, nami mwanafunzi nikibeba mchanga: mchanga chini, kebo, mchanga juu, matofali, wavu mwekundu wa kuonya wachimbaji, ndipo udongo usio na mawe. Élysée alijibu ujumbe wa simu nilipokuwa nikieleza habari ya mawe.

Kuhusu kina tulitofautiana. Yeye alisema kufika katikati ya paja kunatosha. Huenda ni kweli kwa watu wa kawaida. Niliagiza kifuani.

Akasema: « Mwalimu, hii si ya kebo tena, hii ni kisima. »

Nilimwuliza, pole pole, ni nani kati yetu aliyefundisha fizikia. Akachimba.

Tulianzia ukutani, nyuma ya nyumba. Hapo kebo itapinda kuingia chini ya sakafu ya sebule, na kebo ya namna hii haikunjwi kama kamba ya mbuzi. Hupindwa kwa upole, mzunguko mpana, la sivyo nyuzi zake za chuma hupasua ngozi. Kwa hiyo shimo la mwanzo lilihitaji kuwa refu na pana. Limetoka zuri ajabu. Kuta zimenyooka, kona ni za pembe mraba, nilizipima mwenyewe. Liko hatua chache tu kutoka kwa Emérence. Nilimwomba radhi kwa ajili ya kelele zetu.

Jioni, Élysée alipokwenda kunawa, niliteremka na kulala ndani ya shimo chali, ili kuona kama mzunguko wa kebo utapata nafasi. Utapata. Nikiwa bado nimelala, wanawake wanaotoka sokoni walipita kwenye njia ya nyuma. Niliwasalimu kutoka chini. Hawakuitika. Mmoja aliangusha ndizi zake. Adabu imekwisha kabisa mjini hapa.

Élysée amekwenda Beni kutafuta kebo. Hapa alipata vipande viwili tu, akataka kuviunganisha chini ya sakafu. Kiungo chini ya sakafu! Mahali ambapo hakuna mtu atakayekiona kikipata moto! Niliagiza kebo nzima, isiyo na kiungo. Niliagiza pia aifunike kwa turubai njiani, Ézéchias asije akaiona.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Siku ya wageni. Nawadharau kidogo, naomba radhi, lakini sababu wamenipa wenyewe.

Asubuhi alikuja Kaswera, muuza mandazi wa njia panda, akileta maharage kwenye sufuria. Hakutaka kitu. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama ninalala vizuri. Baada yake wazee wawili wa mtaa, wenye kofia mkononi, wakizungumza kwa sauti ya kanisani. Baadaye mwanamke mwingine na kuku. Wote waliomba kupitia nyuma, wakatazama shimo, wakatikisa kichwa, wakaondoka.

Nimewaelewa. Wamenusa umeme. Wiki ijayo kila mmoja wao atakuja na simu yake, Mwalimu naomba nichaji kidogo. Maharage ni malipo ya mbele. Nimeyala; hayakuwa na chumvi ya kutosha.

Mchana nilianza kupasua sakafu ya sebule kwa patasi. Kebo hailazwi ndani ya saruji ikiwa uchi. Hupitishwa ndani ya bomba la plastiki, bomba lililonyooka, ili ikiharibika siku moja ivutwe na kubadilishwa bila kubomoa nyumba. Ncha za bomba huzibwa, maji na panya wasipite. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi wakati Sikuli, katekista wetu, alipoingia. Alitazama sakafu iliyopasuka. Alifanya ishara ya msalaba.

Sikuli alikuwa mwanafunzi wangu. Dhaifu sana katika fizikia. Ndiyo maana nilimshauri dini. Aliniuliza kama nina amani na watu wote. Nilijua mara moja ametumwa na Ézéchias kupeleleza. Nikamjibu kwa tahadhari kwamba mimi ni mtulivu, kwamba kila kitu nimekipanga mwenyewe ili nisimsumbue mtu, kwamba kazi itafungwa kabla ya Jumamosi, na kwamba namwomba asimwambie binti yangu neno. Alinishika mkono akalia.

Mtu wa machozi mepesi. Alilia hivyo hivyo mbele ya sheria ya Ohm.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Leo nimejua. Mwandiko unayumba tena, na safari hii mshumaa hauna kosa.

Kaswera alirudi asubuhi na mandazi. Nilimwambia, pengine kwa ukali kidogo, kwamba umeme ukija sitachaji simu za mtaa mzima. Hakuelewa ninasema nini. Akaweka sahani chini, akafuta mikono kwenye kitenge chake.

« Papa, unisamehe. Batu bote banasema unajichimbia kaburi pembeni ya Mama Emérence. »

Nilikaa.

Akaendelea kwamba wanawake wa sokoni waliniona Jumanne nikijipima ndani. Kwamba katekista amesema mambo yote nimekwisha kuyapanga. Kwamba mtaani watu hupokezana kupita mlangoni pangu, kunisikiliza kama ninapumua.

Jambo la kwanza lililonijia, nakiri, lilikuwa hasira ya kazi. Kaburi! Kazi ile! Ni kaburi gani lenye kona za namna ile? Ni mchimba makaburi gani katika mji huu anayejua pembe mraba? Jambo la pili lilikuwa hofu. Kyakimwa. Mzee anayekaa na mishumaa alitaka kumhamisha. Je, mzee anayejichimbia kaburi? Hatangoja Jumamosi.

Nikavaa koti ili nitoke nikawaeleze watu ukweli wote, mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimekwisha kushika komeo la lango. Mbele yangu alisimama Ézéchias, kofia kifuani, macho mekundu. Sikuli alikuwa nyuma yake.

Ézéchias alisema maneno mengi. Alisema lile neno la balbu limemkaa moyoni kama mwiba. Alisema mimi ni mtu wa maana na yeye ni mtu wa mdomo. Mambo yote mawili ni ya kweli, sikumkatiza. Nikafungua kinywa nimweleze habari ya kebo. Ndipo akasema:

« Mwalimu, kama kuko kitu moya unataka mbele ya kwenda, sema tu. Mimi siwezi kukatala. »

Nikafunga kinywa.

Kisha nikakohoa. Namwomba Mungu aelewe vizuri: kikohozi cha kwanza kilikuja chenyewe, kwa sababu ya vumbi la saruji. Cha pili nilikisaidia.

Nilimwambia kwamba ninatamani ukanda mdogo wa ardhi yake, kando ya uzio, kutoka kwangu hadi kwenye kona ya nguzo. Ukanda wa mtaro mmoja tu. Akauliza ni wa nini. Nilikohoa tena. Hakuuliza mara ya pili. Alinipa ukanda ule mbele ya katekista, akanyoosha na mkono kuapa. Naye aliomba jambo moja: kwaya yake ije iniimbie. Nilikubali. Nilipiga hesabu kwamba maiti hasikii, na aliye hai ana pamba.

Sikusema uongo hata mmoja. Nilipitia mazungumzo yote mara kadhaa, kama tulivyofundishwa kufanya kabla ya kitubio. Hakuna uongo. Kuna kukohoa tu.

Ukweli nitawaeleza Jumamosi, taa ikiwa imewaka. Ukweli hupendeza zaidi kwenye mwanga.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Simu yangu imekufa. Hakuna mahali pa kuichajia ila kwenye kibanda cha njia panda, na kule siwezi kwenda: mgonjwa wa kifo haonekani akitembea na chaja. Huu ni usumbufu ambao sikuufikiria.

Élysée hajarudi. Huenda gari limekwama kwenye vizuizi vya njiani. Huenda anajitazama kwenye kioo.

Mtaa umeharibika. Wanawake wameweka mafiga uani kwangu. Wanaume wamekuja na masepetu, kama ada ilivyo palipo na msiba, wakakaa kwenye benchi wakingoja, masepetu katikati ya magoti. Kila ninapotoka wanasimama. Niliwasihi waende nyumbani. Nilisema nasikitika sana, sitakufa leo. Mmoja wao akanijibu kwa upole kwamba hakuna haraka, Mwalimu, watangoja.

Kwaya ilifika alasiri. Wimbo wa kwanza uliuawa na sauti ya pili. Wimbo wa pili uliuawa na Ézéchias. Nililala chali kitandani, pamba masikioni, nikimwonea huruma marehemu yeyote aliyewahi kuzikwa na watu hawa.

Hata hivyo Ézéchias amekwisha kupiga kamba kando ya uzio wake, kuonyesha ukanda wangu. Kamba imepinda. Sikusema kitu. Mgonjwa hasahihishi.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Nimechoka, lakini itabidi niandike yote kwa utaratibu.

Gari lilifika kabla ya adhuhuri: gari dogo la mizigo, vumbi tupu, na nyuma yake kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Juu ya turubai alikaa Kyakimwa, kitambaa kichwani, akilia. Jana alinipigia simu mchana kutwa bila jibu. Mtu wa huku akamwambia habari ya kaburi. Alfajiri akapanda gari la kwanza lililokuwa likija Butembo. Lilikuwa gari la Élysée. Kwa hiyo binti yangu alinililia kutoka Beni hadi hapa akiwa ameikalia kebo yangu. Élysée alikuwa mbele na dereva, miwani usoni. Hakumwuliza analilia nini. Alidhani ni mambo ya mume.

Watu walipoona turubai na mtoto wa kike anayelia juu yake, uliinuka uani ukelele ambao sijausikia tangu mazishi ya Emérence. Wanaume walivua kofia. Kwaya ikaanza, sauti nne, nne tofauti. Nami nikatoka langoni, nimevaa koti la Misa na tai, maana nilitaka kuipokea kebo kwa heshima.

Ukelele ulikatika.

Kyakimwa aliteremka. Aliniangalia viatu, akapandisha macho hadi usoni.

« Papa, uko muzima? »

Nilimjibu kwamba ndiyo, niko mzima, na kwamba naomba radhi.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Sikupata nafasi. Élysée alivuta turubai kwa mkono mmoja, simu sikioni, na ikaonekana roli, yaani gurudumu kubwa la mbao, iliyozungushiwa kebo nyeusi, nzima, nzuri, isiyo na kiungo.

« Ni câble armé ya Mwalimu, » akasema. « Ya kuingiza courant mu nyumba. Mais munalia nini? »

Niliwasikia kuku. Ézéchias alikuwa na kofia mkononi. Akairudisha kichwani, taratibu sana, akaishika isianguke. Akanijia karibu.

« Mwalimu, ulikohoa. »

« Nilikohoa, ndugu. »

« Mbele ya katekista. »

Nilimweleza habari ya vumbi la saruji. Alisema hata mbuzi wake hakohoi hivyo. Alisema ameniimbia. Alisema amelala siku mbili bila usingizi, akifikiri atakavyosimama kusema maneno mazuri juu yangu, na ilimgharimu sana kuyapata. Nilimwuliza, kwa kujua tu, ni maneno gani. Akanigeuzia mgongo.

Niliona wakati huo kwamba nimepotea. Kyakimwa hakuniangalia tena. Alikwenda nyuma, akasimama kati ya shimo na mama yake. Alirudi akapita sebuleni, akaona sakafu iliyopasuka. Nikamwona akitazama pia kitanda changu, kama mtu anayekipima kwa ajili ya gari. Halafu alikaa kwenye mafiga pamoja na wanawake, akaanza kuwauliza. Sikusikia yote. Nilisikia Kaswera akisema kwamba amekuja asubuhi na jioni. Nilisikia Sikuli akikiri kwamba usiku alikuwa akikaa kwenye benchi nje ya mlango wangu. Sikujua. Ningejua ningemwambia arudi kulala. Ana kifua kibovu.

Kisha Kyakimwa akainuka, akawageukia wanaume wa benchi.

« Donc mulikuya na masepetu juu ya kuchimba, » akasema. « Basi muchimbe. »

Wakacheka. Mmoja alianza, akafuata mwingine, mwishowe hata wanawake waliokuwa wamejipaka majivu ya msiba. Na wakachimba. Mtaro wote, kutoka ukutani hadi kwenye nguzo! Mimi na Élysée peke yetu tungemaliza kwenye mvua za Septemba. Ézéchias alitangaza kwamba neno lililotolewa mbele ya katekista halirudishwi, ukanda ni wangu, lakini yeye hatashika sepetu hata kidogo. Baada ya muda akasema wanachimba vibaya. Baada ya muda zaidi alikuwa ndani ya mtaro, kofia bado kichwani.

Kyakimwa na Élysée waliamua kina cha katikati ya paja. Nilipinga. Sikupigiwa kura.

Lakini kebo ililazwa sawasawa, na hilo ni langu. Niliwazuia wasiivute kutoka kwenye roli kwa mizunguko kama matumbo ya ng'ombe. Roli iliinuliwa juu ya mhimili, ikageuzwa, kebo ikatoka imenyooka. Mchanga chini. Mchanga juu. Matofali. Wavu mwekundu. Kwenye shimo langu kubwa ilipinda kwa upole, kama nilivyotabiri nikiwa nimelala chali. Iliingia ndani ya bomba chini ya sebule bila kukwaruzwa, nikaziba ncha mwenyewe. Nyuzi zake za chuma Élysée alizifunga kwenye waya wa ardhi, unaoshuka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini, ili ganda likishikwa na umeme lisimshike mtu. Hapo aliiweka simu mfukoni, kwa mara ya kwanza. Aliipima kebo kabla ya kuifukia na akaipima tena baada ya kuifukia. Kwaya iliimba muda wote. Wavu mwekundu unazuia mengi, hauzuii hilo.

Jioni mtu wa kampuni alipanda nguzo, akaunganisha. Kyakimwa aliwasha.

Sikulia. Lilikuwa vumbi la saruji.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Baada ya Misa tulikula maharage ya msiba, sisi sote, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kupikwa. Ézéchias alikula sahani mbili, akisema ni deni. Aliyatoa na yale maneno aliyonitungia, bure, mbele ya wote. Yalikuwa mafupi.

Kyakimwa ameondoka alasiri, bila kitanda changu. Langoni alinishika mabega yote mawili. Naandika alivyosema, neno kwa neno:

« Papa, utabakia hapa. Hapana juu ya courant. Juu ya bale batu. Siku moya tu ulikosa kujibu telefone, na mutaa muzima ulikuwa hapa mu parcelle yako. Kule Beni, miye ninatoka ku kazi magaribi. Nani angekusikiliza kama unapumua? »

Nilimshukuru. Ni mtoto mwema, na mwenye aibu kidogo: hapendi kukiri kwamba ni kebo iliyomshinda. Mtu anayeona mzunguko mpana kama ule hawezi kubaki na hoja. Lakini akitaka kusema ni kwa sababu ya watu, na aseme. Mimi ni baba yake, simwaibishi.

Nilikwenda nyuma kumweleza Emérence. Shimo limefukiwa, udongo umesawazishwa.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Mwandiko umetulia. Taa ni nyeupe, haina moshi, wala hailii. Pazia jipya limetundikwa mbali nayo, ingawa hakuna haja.

Wamekuja na simu zao, kama nilivyotabiri. Kaswera wa kwanza. Nimewachajia. Sebule inaonekana kama duka, na kila mmoja hukaa, huzungumza, huuliza nimekula nini. Nawavumilia.

Sasa kuna jambo jingine. Ézéchias ana bomba la maji uani kwake. Bomba zuri, linalotiririka bure karibu na nyanya zake, wakati mimi ninanunua maji kwa dumu. Mpira mmoja tu, ukipita chini ya uzio, ungenifikia jikoni. Lakini maji hayalazwi kwenye mtaro mmoja na umeme. Hilo hata Élysée analijua. Inatakiwa mtaro mwingine, upande wa mbele, mbali na kebo.

Ningeweza kumwomba. Ila namjua: angelitangaza kanisani, kwa sauti nne.

Nimeanza leo asubuhi kuchimba, peke yangu, nyuma ya ua wa maua, na sijamwambia mtu yeyote. Kina ni kifuani, safari hii hakuna wa kunipigia kura. Na tangu saa ile, kila Ézéchias anapotazama upande huu, ninachechemea mguu wa kushoto.